Msafara wa Mezani: Kiongozi wa Mbele au wa Juu?

Miongoni mwa maswali yanayowagawanya watu wapendao michezo ya kuigiza ya mezani, liko moja ambalo hujibiwa upesi na wengi na kufikiriwa na wachache: je, kundi la wachezaji lahitaji kiongozi? Jibu la wengi ni ndiyo. Husemwa kwamba hapana kundi lisilo mkuu, kwamba nyuki wana malkia wao na ng'ombe wana fahali wao, na kwamba wachezaji wasio na mtu wa kukata shauri hukaa usiku kucha mbele ya mlango mmoja wakibishana kama waufungue au wauache. Maneno haya yana sura ya hekima, na kwa sababu hiyo hupokelewa bila kupimwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ni ya makosa. Kiongozi anayetakwa na watu hao ni wa aina moja tu, yule akaaye juu ya wenzake. Na lugha ya Kiswahili yenyewe, pamoja na historia ya watu walioitumia safarini na mchezoni, inashuhudia kinyume chao.

Yafaa kwanza mchezo wenyewe ueleweke, maana wako wasomaji ambao hawajauona. Ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1974 kwa jina la Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na tangu hapo umezaa michezo mingi ya namna yake. Watu hukaa kuizunguka meza. Mmoja wao ni mwamuzi: yeye ndiye mwenye kisa, ndiye ajuaye kilichoko nyuma ya kilima, ndiye asemaye kwa vinywa vya wenyeji, wanyama na mashetani. Kila mmoja wa wengine hujitwalia mtu mmoja wa kubuni, labda mpiga upinde, labda mganga, labda mwizi aliyetubu. Humwandikia nguvu zake na udhaifu wake katika karatasi, kisha husema na kutenda kwa niaba yake. Mwamuzi huuliza, "Mmefika mtoni, na daraja limechukuliwa na maji, mwafanyaje?" Wachezaji hujibu. Jambo likiwa la shaka, hutupwa dadu. Hapana kete za kula, na kwa kawaida hapana wa kumshinda mwenziwe. Watu hao wa kubuni husafiri pamoja, na kundi lao halina jina zuri zaidi kwa Kiswahili kuliko msafara.

Na liwekwe shauri hili mahali panapojulikana. Tosamaganga ni kilima katika mkoa wa Iringa, si mbali na Kalenga iliyokuwa ngome ya Mkwawa. Wabenediktini walianzisha misheni huko mwishoni mwa karne ya 19, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza kazi ikashikwa na Wamisionari wa Konsolata. Kwa muda mrefu jina la mahali hapo limeambatana na kanisa, shule na hospitali. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba jioni moja ya Julai, wakati baridi ya nyanda za juu inapowafukuza watu uwanjani, wanafunzi watano wa mahali kama hapo wamekusanyika mezani. Mmoja ni mwamuzi. Wanne ni msafara, na miongoni mwa wanne hao yumo kiranja mkuu wa shule. Hapakupigwa kura wala hapakusemwa neno. Wote wanajua kwamba kiranja ndiye kiongozi wa msafara, kama alivyo kiongozi wa paredi na wa foleni ya chakula.

Msafara wafika Ruaha Mdogo usiku, na mto umefurika. Kiranja, ambaye mezani ni shujaa wa mkuki, asema, "Tunavuka." Mwamuzi aomba dadu, dadu zatupwa, wavuka, na mmoja apoteza mzigo wake. Kisa chaendelea. Lakini katika karatasi ya mganga wa msafara ule, aliyechezwa na kijana mnyamavu wa kidato cha pili, yaliandikwa maneno machache: ndugu yake alikufa maji, naye ameapa kutoingia mtoni wakati wa gharika. Kama angeulizwa, angekataa. Kukataa kwake kungeuweka msafara mzima katika mashaka: wamwache ukingoni, wamlazimishe, wasubiri alfajiri, au wamwombe mwenye mtumbwi ambaye huenda ni adui? Hayo yangekuwa mambo makuu ya usiku ule, na yote yalipotea kwa neno moja, "Tunavuka." Walikaa wanne, akacheza mmoja.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja. Wanaotetea kiongozi hupenda kuufananisha mchezo huu na mpira wa miguu, ambao una nahodha, au na tamthilia, ambayo ina mwelekezi. Mifano hiyo haifai. Nahodha wa mpira akimwamuru mwenziwe akimbilie kushoto, mwenziwe bado ana miguu yake, pumzi zake na mpira mbele yake. Amri haikumnyang'anya mchezo. Mwelekezi akimwambia mwigizaji asimame karibu na mlango, mwigizaji bado ana maneno aliyoandikiwa na mtunzi, ana sauti yake na watazamaji wake. Mchezaji wa mezani hana miguu ya kukimbia wala maneno ya kukariri. Mali yake ni moja tu: uamuzi wa yule mtu aliyejitwalia. Ukimwondolea huo amebaki na karatasi na dadu, naye hutupa dadu anapoambiwa, kama mtoto anayepewa usukani wa gari lililozimwa. Kwa hiyo kiongozi wa mezani, hata akiwa mpole na mwenye akili, hutwaa kutoka kwa kila mwenzake kitu pekee alichokuja nacho.

Watetezi wa kiongozi wana methali yao, nayo ni ya bahari: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali ni ya kweli, na hapana haja ya kuibisha. Lakini wanaoitumia hawakuhesabu sawasawa. Chombo cha mezani kina nahodha tayari, naye ni mwamuzi. Ndiye ashikaye pepo na mikondo, ndiye ajuaye mwamba uliko, na neno lake juu ya ulimwengu ule ni la mwisho. Akiongezwa mkuu wa pili juu ya wachezaji, ndipo manahodha wanapozidi. Na mtu yeyote aliyepata kukaa kwenye meza ya namna hiyo amekwisha kuona matokeo yake: mwamuzi na kiongozi huzungumza wao kwa wao, kama wazee wawili barazani, na wengine husikiliza wakingoja kuitwa. Methali iliyoletwa kumtetea kiongozi inamshitaki.

Wengine huacha bahari wakaingia vitani. Husema kwamba msafara wa mezani hupigana, na penye mapigano pahitajika amiri. Na wakiwa Uhehe huuliza, je, Mkwawa angelishinda Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, siku alipouawa Zelewski na sehemu kubwa ya jeshi lake, kama Wahehe wangelikuwa wakipiga kura? Swali hili lina majibu mawili. La kwanza ni kwamba vita si mchezo. Vitani kuchelewa kidogo ni kufa; mezani ni chai kupoa. Mtu anayetaka sheria za vita zitawale mchezo kwa sababu mchezo una habari za vita, ni kama mtu anayetaka waombolezaji wa tamthilia wamzike mwigizaji. Jibu la pili lagusa vita vyenyewe. Kalenga ilitekwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894, na Mkwawa hakufa mpaka tarehe 19 Julai 1898. Katika muda ule wa karibu miaka minne mtawala hakuwa na ngome wala baraza la kutolea amri. Alikuwa akihama msitu kwa msitu, na aliyemhifadhi alikuwa mwananchi aliyeamua nyumbani mwake kumpa chakula, kumpa habari au kunyamaza alipoulizwa, akijua adhabu inayomngoja. Huo haukuwa utii wa paredi. Walikuwa watu wengi wenye maamuzi mengi yaliyokutana mahali pamoja. Yule anayetaka kufundisha uongozi kwa habari za Mkwawa asiishie Lugalo. Aendelee mpaka mwisho wa kisa.

Sasa litazamwe neno lenyewe. Kiongozi ni mtu wa kuongoza, yaani kutangulia na kuonyesha njia. Kamusi za zamani huandika pia kirongozi, na wazungu waliosafiri bara katika karne ya 19 waliandika kirangozi, wakimkusudia mtu mmoja maalumu wa msafara: yule aliyekwenda mbele ya wapagazi katika njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Richard Burton, katika kitabu chake cha 1860, ameeleza jinsi mtu huyo alivyovaa mavazi ya kumpambanua na wengine, na jinsi wapagazi walivyokatazwa kumtangulia. Alikuwa na heshima kubwa. Lakini heshima ile ilikuwa ya njia. Bidhaa hazikuwa zake, zilikuwa za tajiri. Na wapagazi hawakuwa wake, walikuwa watu wa mkataba wenye akili zao. Yeye alijua maji yako wapi, na kwa sababu hiyo alikwenda mbele. Na aliyekwenda mbele ndiye aliyekutana kwanza na mshale, nyoka au simba.

Mambo ya kambini yalikatwa kwa njia nyingine, nayo ni shauri. Kama ni kulala au kuondoka, kama posho inatosha, kama njia ya mkato ina hatari, wapagazi waliketi wakasema. Walipokataa kuondoka hawakuondoka, na tajiri alisubiri au akaongeza nguo. Vitabu vya wasafiri wa kizungu vimejaa manung'uniko juu ya jambo hili. Waliona mashauri hayo kuwa uvivu na ukaidi, nao hawakuweza kuyaepuka, hata Wajerumani walipotawala wakalichukua neno lenyewe katika lugha yao wakaliandika Schauri. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006 juu ya wapagazi wa Tanzania, ameonyesha kwamba watu hawa hawakuwa wanyama wa mizigo kama walivyodhaniwa, bali wafanyakazi wenye desturi, fahari na sheria za kazi yao. Hapana haja ya kuupamba msafara wa kale. Ulikuwa na njaa, ndui na mijeledi, na mara nyingi watumwa walikuwamo ndani yake. Hata hivyo katika shida hizo zote watu walitenganisha mambo mawili ambayo wachezaji wa leo huyachanganya: kwenda mbele ya watu, na kuamua kwa ajili ya watu.

Neno la pili ni kiranja. Leo ni mwanafunzi mwenye mamlaka juu ya wanafunzi wengine. Lakini asili yake ni jandoni, ambako kiranja ni mtoto anayetahiriwa wa kwanza. Cheo chake hakina amri ndani yake. Kina kisu. Wenzake humheshimu kwa kuwa yeye ameona kwanza yale ambayo wao bado wanayaogopa. Basi Kiswahili, kilipotafuta jina la mkuu wa safari na jina la mkuu wa vijana, mara zote mbili kilimchagua mtu wa mbele. Kwa mtu wa juu kina maneno mengine, nayo hayapungui: mtawala, bwana, amiri, jumbe, mkubwa. Wanaosema kwamba msafara wa mezani unahitaji kiongozi, kisha wakamweka mtu wa kutoa amri, wametumia jina la mmoja kumwita mwingine.

Inawezekana hapa mpinzani akasimama na ushahidi ulio mzito zaidi, nao ni Beni. Ngoma hii ilianza katika miji ya pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890. Ikashuka Tanga na Dar es Salaam, na wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 askari na wapagazi wakaichukua mpaka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Tanganyika ilijulikana zaidi kwa vyama vyake viwili vilivyoshindana, Marini na Arinoti. Terence Ranger ameandika habari zake katika kitabu cha 1975. Watu wa Beni walijivika sare, wakapiga tarumbeta na ngoma kubwa, wakatembea kijeshi. Na walikuwa na vyeo tele, kingi, majenerali, makanali na madaktari, na wanawake nao walikuwa na vyeo vyao. Mpinzani atauliza: huu si mchezo wa kuigiza, tena wa watu wa Afrika Mashariki wenyewe, na haukujaa wakubwa?

Ulijaa, na wingi huo ndio jibu. Mchezo wenye jenerali mmoja na watu mia wa kumtii una kiongozi. Mchezo ambao kila ajitahidiye aweza kupata cheo una mavazi. Ukubwa katika Beni ulikuwa ndio kitu chenyewe kilichochezwa. Karani, mchukuzi wa bandarini na mpishi walivaa ukanali jioni kama mchezaji wa mezani anavyovaa uganga, na walipovua walirudi kuwa walivyokuwa. Utawala uliowakandamiza mchana waliuvaa, wakautazama kwa karibu, na pengine wakaucheka. Tena yako mafunzo katika upande wa pili. Vyama hivi vilishindana kwa karamu, nguo na fahari, na fahari hugharimu. Mwenye mali alikuwa na sauti kubwa kuliko mwenye kucheza vizuri. Kila mara cheo kilipotoka katika vazi kikaingia mfukoni, ngoma iligeuka mzigo kwa wanyonge wake. Beni basi haimtetei kiongozi wa mezani. Inaonyesha uongozi ukiwa salama ndani ya mchezo, na ukiwa hatari juu ya mchezo.

Inafaa pia kuwauliza walioubuni mchezo wa mezani wenyewe. Vitabu vya kwanza vya 1974 vilikadiria mwamuzi 1 kwa wachezaji 20 au karibu na hapo. Meza ya watu 20 wakisema kwa pamoja ni soko, kwa hiyo palikuwa na mtu wa kumweleza mwamuzi kwa sauti moja nini msafara unafanya. Huyu hakuitwa kiongozi. Jina lake kwa Kiingereza lilikuwa la mtu wa kutangaza, na Kiswahili kitamwita msemaji. Kitabu cha 1981 kilichotayarishwa na Tom Moldvay kilieleza kazi yake kwa uangalifu: msemaji ni mjumbe baina ya wachezaji na mwamuzi, yampasa kuhakikisha kwamba ayasemayo ni matakwa ya wenzake, na si kazi yake kuwaamulia la kufanya. Baadaye meza zikawa ndogo, watu wanne, watano au sita, na kazi ya msemaji ikafifia kwa kuwa haikuhitajika tena. Ajabu ni kwamba msemaji alipotoka, katika meza nyingi kiongozi aliingia kwa mlango ule ule. Ulemavu wa meza kubwa uliponywa, na gongo likabaki mkononi likatumiwa kupigia watu.

Sasa lisikilizwe neno moja la wapinzani ambalo ni zito kweli. Wao husema: mezani pasipo na kiongozi, kiongozi yupo tu. Atakuwa mwenye sauti kubwa, au mwenye vitabu, au mwenye nyumba, au yule kiranja wa mfano wa hapo juu, ambaye hakuchaguliwa na mtu. Afadhali basi achaguliwe waziwazi, ajulikane, na aweze kuondolewa, kuliko kutawaliwa na mtu ambaye hata jina la mtawala hana. Hoja hii isidharauliwe. Makundi mengi yanayojisifu kwamba hayana mkubwa yanaye, na wanyonge wao ndio wa kwanza kumjua.

Lakini itazamwe dawa inayopendekezwa. Ugonjwa ni kwamba mwenye sauti kubwa anawafunika wengine, na dawa ni kumpa mtu haki ya kuwafunika wengine. Nani atachaguliwa? Katika shule atachaguliwa kiranja, katika nyumba kaka mkubwa, katika kundi la wavulana na wasichana aghalabu mvulana. Kumpa taji mtu aliyezoea kusema hakumfundishi kusikiliza. Na mnyamavu hapati chochote. Zamani alifunikwa kwa desturi, sasa amefunikwa kwa kanuni, na akilalamika ataambiwa kwamba alipiga kura. Ugonjwa huu una dawa nyingine, nayo ni utaratibu. Watu wanaochanganya kukosa mkubwa na kukosa utaratibu wameshindwa kuona kitu kilichopo kila mahali katika nchi hii. Mchezo wa bao una sheria kali na hauna mkubwa. Wanaowekeana upatu hupokezana kwa zamu, na aliyepokea leo hana amri juu ya atakayepokea kesho. Mwalimu Nyerere alipotaka kueleza demokrasi ya Kiafrika alirejea mara kwa mara kwa wazee wakaao chini ya mti na kuzungumza mpaka wakubaliane. Na mtu yeyote aliyepata kukaa katika baraza la namna hiyo anajua kwamba halikuwa vurugu, maana palikuwa na adabu ya nani aanze, nani afuate na nani afunge maneno.

Utaratibu wa meza waweza kuwa mfupi. Kila mchezaji aseme kwa ajili ya mtu wake, na pasiwe na mwenye haki ya kumtamkia mwenziwe tendo. Msemaji awepo kama watu ni wengi, naye apokezane na wenzake kila kikao. Aseme wa mwisho, baada ya kusikia wote, na mwamuzi amwulize kwanza yule ambaye hajasema. Kirongozi awepo pia, lakini achaguliwe na njia: msituni atangulie mpiga upinde, penye ugonjwa atangulie mganga, penye mlango uliofungwa atangulie mwizi aliyetubu, na heshima yake iishe njia ile inapoisha. Mtu asiyekubali shauri awe na ruhusa ya kubaki ukingoni, na mwamuzi ampe malipo ya kubaki kwake kama anavyowapa wengine malipo ya kuvuka. Shauri likikwama kabisa, hutupwa dadu, kwa kuwa dadu haina kidato. Na kama kisa kinataka mfalme au jemadari, basi awemo, achezwe kwa fahari kama kingi wa Beni, naye aweze kuasiwa. Mfalme wa ndani ya kisa anaweza kupinduliwa, na kupinduliwa kwake ni kisa kizuri. Kiongozi wa mezani akipinduliwa, watu hawasemezani juma zima.

Itasemwa kwamba haya yote yanakula wakati. Yanakula. Lakini wakati huo haukupotea njiani kuelekea mchezoni, maana shauri ndilo mchezo. Mtu anayeona uchungu kwamba wachezaji walibishana nusu saa ukingoni mwa mto afikiri kwanza walikuja kufanya nini. Kama walikuja kufika ng'ambo, mwamuzi angeweza kuwaambia kwa sentensi moja kwamba wamefika, na wote wakalale. Walikuja kuwa watu wengine kwa muda, wenye hofu zao, viapo vyao na tamaa zao, na kuona watu hao wakikutana panapo hatari. Hilo halina njia ya mkato.

Pengine msomaji atauliza kwa nini jambo la mchezo lipewe uzito wote huu. Sababu ni kwamba mchezo huu huchezwa zaidi na vijana, na vijana hao wako katika mafunzo mengine pia. Shule ina kengele, zamu, paredi na viranja, na hapana shule iwezayo kwenda bila vitu hivyo au vinavyofanana navyo. Kwa miaka mingi kijana hujifunza huko mambo mawili kwa ukamilifu, kuamuru na kutii. La tatu, kushauriana na walio sawa naye pasipo mkubwa wa kuwaamulia, hulikuta kwa nadra. Na atakapotoka atalihitaji katika ndoa, katika kamati ya maji, katika chama cha ushirika, katika baraza la idara ya chuo kikuu. Meza ya mchezo ni mojawapo ya mahali pachache anapoweza kulifanyia mazoezi bila hasara, ambako uamuzi mbaya humzamisha mtu wa karatasi na kumwacha mtu wa nyama salama. Kumwekea kiongozi hapo ni kumfuata darasa la tatu nalo kumfundisha somo la kwanza na la pili.

Wala haya hayamdhuru kiranja. Yeye ndiye mwenye faida kubwa kuliko wote, ingawa atachelewa kuiona. Siku nzima amekuwa mtu wa juu. Usiku, mezani, apewe nafasi ya kuwa mtu kati ya watu, kusikia "hapana" kutoka kwa kijana wa kidato cha pili, na kulazimika kumshawishi au kumsubiri. Akijifunza kumsubiri mganga ukingoni mwa Ruaha Mdogo mpaka maji yapungue, atakuwa amepata kitu ambacho utepe wa ukiranja haukumpa. Msafara basi na uwe na mtu wa mbele kila njia inapomtaka. Na kila msafiri abaki na uamuzi wake mwenyewe.